Harusi Tuliyoifanya Mugunga

Mimi ni fundi cherehani wa Morogoro. Nimeshona sare za shule, magauni ya komunio na suti za wazee wa kanisa tangu nikiwa msichana, na kwa miaka mingi safari yangu ndefu ilikuwa ya kwenda Dar es Salaam kununua vitambaa. Kwa hiyo nilipowaambia wanangu kwamba nakwenda Goma, tena peke yangu, kufundisha kushona watu waliokimbia vita, walianza kunipigia simu kwa zamu. Yule mkubwa alisema, "Mama, huko kuna vita." Nikamjibu kwamba najua, ndiyo maana watu wamekimbia.

Habari niliipata kwa mtawa mmoja niliyekuwa nikimshonea. Alikuwa amerudi kutoka huko, akaniambia kuna parokia Mugunga iliyopewa vyerehani, na vimekaa tu kwenye maboksi kwa kukosa mwalimu. Neno hilo, vyerehani kukaa kwenye maboksi, ndilo lililonitoa nyumbani. Kila mtu ana linalomliza. Langu ndilo hilo.

Nilipita Rwanda kwa basi, na Gisenyi nikavuka mpaka kwa miguu katikati ya wanawake waliobeba nyanya na kuku vichwani. Upande wa pili alinisubiri mama mnene mwenye kilemba cha manjano. Alikuwa mjane, asili yake upande wa Bukavu, muuzaji wa vikwembe sokoni. Vikwembe ndivyo vitenge kwa lugha yao. Parokia ilikuwa imemwomba anipe chumba. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama tena.

"Na benzako?"

"Sina. Nimekuja peke yangu."

"Peke? Mama muzima vile, hata mutoto moja wa kukusindikiza hakuna?" Akalichukua begi langu kabla sijajibu. "Basi, hauko peke tena. Twende."

Njiani, tukiwa juu ya pikipiki moja sisi wawili na dereva, aliniuliza maswali yote ambayo watu huuliza kwa mwezi mzima. Nilipomaliza kumjibu alicheka sana. "Swahili yako ni ya radio," alisema. "Inapendeza, lakini inachokesha."

Nilikaa nyumbani kwake mtaa wa Ndosho. Asubuhi tulikunywa chai pamoja, jioni tukala bugali na sombe, kisamvu chao, na siku za neema sambaza, wale dagaa wa ziwa lao. Alinihudumia kama dada yake. Lakini nilipomwuliza kama amewahi kuingia kambini, maana kambi yenyewe ilikuwa si mbali, kando ya barabara ya Sake, alitikisa kichwa. "Ninabahurumia," alisema. "Ninaombeaka bote kwa misa. Lakini kuingia mule, hapana. Macho yangu haitaweza." Sikumlaumu. Aliishi jirani na mateso yale kila siku. Mimi nilikuwa nimeyajia kwa hiari, nikiwa na tiketi ya kurudi.

Mugunga ardhi yake ni mawe. Mlima wa moto ulio karibu na mji uliwahi kumwaga uji wake ukaganda, na watu wakaja kujenga vibanda juu ya ugando huo mweusi, wenye ncha kali kama chupa iliyovunjika. Kigingi hakiingii. Kwa hiyo turubai, wao husema bashi, linafungwa kwa kamba na kuwekewa mawe pembeni, na upepo ukija usiku familia nzima inashika kingo kwa mikono. Hayo nilisimuliwa. Nilichokiona mwenyewe siku ya kwanza ni kwamba kila kibanda kilikuwa kimefagiliwa mlangoni. Ufagie nini kwenye mawe? Lakini walifagia. Mama mmoja alikuwa amepanga vijiwe vidogo pande mbili za mlango wake, vikafanya njia ya kuingilia, kama nyumba ya mtu anayetarajia wageni.

Darasa letu lilikuwa chini ya bashi nyuma ya kanisa. Vyerehani vilikuwa vichache na wanafunzi wengi, wote wanawake, wengi wametoka milima ya Masisi, wengine upande wa Kibumba ambako walikuwa wakilima viazi na kabichi. Mimi ni mwalimu mkali. Nilidhani nitalazimika kuwa mpole kwa ajili ya shida zao, lakini juma la kwanza tu wakanirekebisha. Mama mmoja alinionyesha pindo alilokwisha kushona, limepinda, nami nikasema si mbaya. Akanitazama kwa huzuni. "Mwalimu, kama ni mubaya, sema ni mubaya. Kwa nini unanihurumia? Nilikuja kujifunza." Nikamwambia afumue. Akafumua akiimba.

Kati ya wanafunzi alikuwamo binti mmoja aliyekuwa akishona kwa haraka na kunyamaza kwa muda mrefu. Mama yake alikuwa mwanafunzi pia, na ndiye aliyenisimulia. Kijijini kwao, juu milimani, binti alikuwa amechumbiwa. Siku ya arusi ilikuwa imepangwa, pombe ya ndizi imetengenezwa, nguo imeshonwa, na juma lenyewe la arusi mapigano yakafika. Watu wakatawanyika. Binti na wazazi wake wakashuka kwa miguu hadi Sake, kisha Mugunga. Mchumba wake alikuwa ameambiwa na wazee wake akaswage ng'ombe wasiporwe, akaenda nao njia nyingine. Tangu hapo hawakujua kama yu hai. Simu ya binti ilipotea njiani, na ya kijana haikupatikana tena.

"Na yeye anasemaje?" nilimwuliza yule mama, nikimwonyesha bintiye aliyeinamia cherehani.

"Hasemi kitu. Anashonaka tu."

Jumapili moja kwaya ya wageni ilikuja kusali Mugunga. Ilitoka kambi ya upande wa kaskazini, barabara ya kwenda Kibumba, na vijana wake walikuwa wametembea tangu alfajiri. Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa wa kanisa la Kiprotestanti la pale kambini na mimi Mkatoliki, lakini siku ile walinialika, nikakaa nao juu ya jiwe. Kwaya ikaimba vizuri sana, isipokuwa kijana mmoja mrefu mstari wa nyuma. Alikuwa akifungua mdomo na kufunga, macho yake yakizunguka kwenye nyuso za watu, mstari kwa mstari.

Nikahisi binti ananishika mkono. Kabla sijageuka alikuwa amesimama. Alipita katikati ya watu waliokaa, akikanyaga vikwembe vyao, akaenda hadi mbele ya kwaya. Wimbo ukavunjika vipande vipande. Wa sauti ya kwanza waliendelea kidogo, kisha nao wakaacha. Nilitegemea atalia au ataanguka. Alisimama mbele ya yule kijana akasema, kwa sauti tuliyoisikia wote:

"Lakini wee haujuake kuimba!"

Kijana akatikisa kichwa. "Sijuake."

"Sasa unafanya nini kwa korali?"

"Korali inatembeaka kambi kwa kambi," alisema. "Nilikuwa ninakutafuta."

Hapo ndipo mama yake binti alipopiga kigelegele, na kanisa likapasuka. Mwongoza kwaya, mwanamume mwenye tai fupi, alisimama pembeni akitikisa kichwa. Baadaye aliniambia kwamba walijua tangu siku ya kwanza kijana yule hana sauti hata ya kuita mbuzi. Walimchukua kwa sababu aliwaambia ukweli, wakamwomba tu afungue mdomo asitoe kitu. Na kila kambi waliyokwenda, walipomaliza kuimba, walimngoja amalize kuzunguka kwenye vibanda akiuliza, ndipo warudi. Wakati mwingine mvua iliwanyeshea wakimngoja. Mtu aseme anachotaka kuhusu watu waliopoteza kila kitu. Mimi niliwaona hao.

Baada ya furaha kukaja ugumu. Kambini vijana wengi walikuwa wakianza kuishi pamoja bila sherehe, kwa kuwa mahari haikuwepo na wazee walikuwa wamechoka. Majirani walisema na hawa wafanye hivyo. Baba yake binti alikataa. Alikuwa mfugaji, mzee mwembamba mwenye koti la mvua na fimbo ndefu ambayo hakuwa na mnyama wa kumpeleka nayo. Mifugo yake yote ilikuwa imeporwa. Nilikuwa nikimwona kila asubuhi amekaa mahali pamoja akitazama upande wa milima.

"Mutoto wangu hataokotwa kama kuni," alisema. "Bakuje kumuomba."

"Baba," mkewe alimwambia, "bataleta nini? Nao hawana kitu."

"Sikusema balete. Nilisema bakuje."

Basi wakaja. Kijana alikuja na mjomba wake, ambaye naye alikuwa amekimbilia kambi ya kaskazini, mzee wa maneno, mdogo wa umbo, aliyevaa kofia ya sufu na viatu vya plastiki vilivyooshwa vikang'aa. Wanawake walikuwa wameazima viti vya kanisa wakavipanga pande mbili mbele ya kibanda, kwa ile njia ya vijiwe. Mwenye vijiwe, kumbe, alikuwa shangazi yake binti. Wanafunzi wangu wote walikuwepo, na mwenyeji wangu pia. Nilikuwa nimemsimulia mezani habari ya yule kijana asiyejua kuimba, akacheka hadi akajifuta machozi, na asubuhi ile akatokea mlangoni amevaa kikwembe chake cha Pasaka. "Posa siwezi kuiacha inipite," alisema. Kuhusu macho yake kutoweza hakusema tena, nami sikumkumbusha. Pale kambini alimshika kila mama mkono, mmoja mmoja, na kuwauliza wametoka kilima gani.

Mjomba akasimama. Alianza kwa kusifu ukoo wa binti, kisha mvua, kisha nyasi za milima yao. Kisha akafika kwenye ng'ombe.

"Muzee," alisema, "tulikuwa na ng'ombe moja. Mwekundu, mgongo wake umenyooka kama meza, pembe zake zinakutana kidogo hapa mbele. Akitembea, zingine zote zinamufuata. Ule ng'ombe tulimuchagua kwa ajili yako. Batoto wote wa kwetu wanajua: huyu ni wa baba ya bibi-harusi."

"Ninamusikia," alisema baba. "Iko wapi?"

"Batu wa bunduki walimubeba."

Watu wakaguna. Mjomba akainua mkono.

"Lakini sikiliza, muzee. Siku ile walimubeba, alikuwa ashakuwa wako. Tulishakutolea kwa roho. Kwa hiyo hawakuiba ng'ombe wetu. Waliiba ng'ombe wako. Sisi deni hatuna. Sisi tulikuja kukupa pole."

Niliogopa mzee amekasirika, kwa sababu aliinamisha sura hadi kwenye fimbo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na tukaona kwamba anacheka. Mkewe aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu washuke mlimani.

"Basi ni miye niliibiwa," alisema baba akijifuta macho. "Hata pole hamukuniletea mapema! Nimemupokea. Alikuwa ng'ombe muzuri."

Vigelegele vikapigwa. Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Alisimama, na aliposimama kicheko kikaisha. Akamwita kijana aje mbele.

"Kuna kitu moja ninaomba kwako. Siyo kwa mujomba, kwako."

"Ndiyo, papa."

"Siku ile ulikimbia na ng'ombe."

Kijana akapiga goti juu ya mawe yale. "Ndiyo, papa. Walinituma."

"Najua walikutuma. Hata miye ningekutuma. Nilikuwa mufugaji, ninajua ng'ombe ni nini." Aliegemea fimbo yake. "Lakini tukikimbia tena, na pengine tutakimbia, usikimbie na ng'ombe. Kimbia na mutoto wangu. Hiyo ndiyo mahari."

Kijana alipiga makofi mara kadhaa kwa viganja vilivyokunjwa, namna yao ya kukubali. Binti alikuwa ndani ya kibanda na shangazi zake, kama desturi inavyotaka, nasi sote tulijua bashi halizuii neno. Kutoka ndani tulimsikia akilia kwa mara ya kwanza.

Arusi tuliipanga kwa haraka, maana mvua kubwa zilikuwa zinakaribia. Mwenyeji wangu akaleta kitambaa cheupe kutoka dukani kwa shoga yake, akakitupa juu ya meza ya darasa kama mtu anayetupa samaki. "Msiniulize," alisema. Nilitaka kukikata mwenyewe. Nina mkono wa magauni ya arusi na sikutaka kiharibike. Wanafunzi wangu walinitazama, na yule mama wa pindo lililopinda akasema, "Mwalimu, wewe kaa. Ukiona mubaya, sema ni mubaya."

Nikakaa. Kila mmoja alishona kipande chake: huyu mkono, yule kola, wengine wawili sketi, na bibi-harusi mwenyewe akatia vifungo. Nilisema ni mubaya mara mbili tatu na wakafumua. Nimeshona magauni mengi mazuri kuliko lile. Sijawahi kukaa karibu na gauni lililoshonwa kwa vicheko vingi namna ile. Wanawake hawa walikuwa wakienda kutafuta kuni kwenye msitu wa hifadhi wakijua yanayoweza kuwapata humo, walikuwa wakipanga foleni ya maji na mabidoni yao kabla ya jua kuchomoza, na bado walifika darasani na matani mapya juu ya mabwana-harusi wasiojua kuimba.

Siku yenyewe mvua haikungoja. Ilianza bibi-harusi alipotoka kibandani, mvua ya Goma ambayo haina utangulizi. Kanisa lilikuwa mbali kidogo na njia ilikuwa mawe matupu. Nilisema tungoje ipite. Hakuna aliyenisikiliza. Mama yake aliwaita majirani, nao wakafungua bashi la paa la kibanda chao wenyewe, wakalishika kila upande kwa mikono iliyonyooshwa juu, na bibi-harusi akaingia chini yake. Wakaanza kutembea. Wale waliolibeba walikuwa wakilowana chapachapa, na ndani ya kibanda chao, bila paa, mvua ilikuwa ikinyeshea magodoro. Mmoja wao nilimwuliza tukiwa njiani, "Na vitu vyenu?"

"Vitakauka," alisema. "Arusi ikilowa haikaukake."

Waliimba njia nzima. Mwenyeji wangu alikuwa nyuma yangu na sufuria ya sombe kichwani, kilemba chake cha manjano kikichuruzika rangi shingoni, akiimba nyimbo za Kiprotestanti asizozijua, kwa sauti kubwa kuliko wenyewe. Mlangoni pa kanisa kwaya ya kaskazini ilikuwa ikingoja. Walikuwa wametembea tena.

Tulikula maharage, viazi, sombe na sambaza kidogo. Mzee alicheza ngoma ya kwao, mikono imepanuliwa juu kama pembe, hadi mkewe akamkalisha kwa nguvu.

Niliondoka Goma wiki chache baadaye, muda wangu ulipokwisha. Mwenyeji wangu alinisindikiza mpaka mpakani, akanipa kikwembe na kunikataza kulia mbele ya askari wa forodha. Baadaye vita viliingia mjini kwenyewe. Nilisikia redioni kwamba kambi zimevunjwa na watu wameambiwa warudi makwao. Kwa muda mrefu simu yangu haikuleta chochote kutoka kule, na kazi yangu ya Morogoro niliifanya vibaya. Nilikosea vipimo vya wateja, nikajifungia ndani. Wa kwanza kupatikana alikuwa mwenyeji wangu. Alikuwa mzima, amefungua tena meza yake sokoni, na ndani ya nyumba yake, mle chumbani kwangu, alikuwa amewapokea yule mama wa pindo na watoto wake. Alitaja jambo hilo katikati ya habari za bei ya sukari, kama kitu kidogo.

Kisha ukafika ujumbe wa sauti kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya binti. Walikuwa wamerudi milimani. Nyumba haikuwepo, wamejenga ya udongo na majani ya migomba, wamepanda maharage. Hofu bado ipo, alisema, wanalala wakisikiliza. Walipopanda mlima kurudi, mumewe alimbeba mama mkwe wake mgongoni sehemu zenye tope, na mtoto alikuwa njiani kuzaliwa. Baba yake anachunga mbuzi wa jirani na analalamika kwamba mbuzi hawana heshima.

Mwisho wa ujumbe alisema amepata cherehani cha kuazima na anashona sare za shule ya kijiji, ambayo imefunguliwa tena bila madirisha. Ila kola za mashati zinamsumbua, zinageuka juu. Afanye namna gani?

Niliacha kazi niliyokuwa nayo mkononi, nikachukua shati, na nikamweleza kola polepole, mshono kwa mshono, nikirudia pale panapowaponyoka watu wengi. Akajibu jioni ile ile. Kola ya kwanza bado ilikuwa imegeuka, alisema. Ya pili imelala.